Aspen, Colorado: mlima uliouzwa mara mbili, kwanza tumbo kisha mgongo

Mzee wa Bondeni (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye uzi wa utalii kuna mdau aliandika kwamba miji ya kuteleza kwenye theluji kule Marekani ilijengwa na matajiri kwa ajili ya matajiri, basi. Jibu lake ni refu, ndiyo maana namfungulia uzi. Nimechukua Aspen, jimbo la Colorado, kwa sababu naishi Denver na huko napita kikazi, na kwa sababu ni mji ambao wengi wameusikia kwenye habari za mastaa. Hoja yangu ni moja: ule mlima umeuzwa mara mbili. Kwanza waliuza tumbo lake, yaani madini ya fedha. Yalipokosa soko wakauza mgongo wake, yaani theluji. Na walioanza kuuza mgongo walipitia hatimiliki zilezile za waliouza tumbo.

Uzi mrefu, mwenye haraka apite.

Kwanza mjue bonde. Mto unaitwa Roaring Fork. Unaanzia karibu na kipito cha Independence, yaani pengo la kuvukia milima, mita 3,687 juu ya bahari, unapita Aspen kwenye mita 2,400 hivi, unashuka Basalt, kisha Carbondale, na kumwaga maji kwenye mto Colorado pale Glenwood Springs. Kutoka Aspen hadi Glenwood ni kama kilomita 65 na barabara kubwa ni moja tu, namba 82. Ukijua hilo umeshajua nusu ya siasa za huko: wenye pesa wanakaa juu, wafanyakazi wanalala chini.

Kabla ya wote hao palikuwa na Wauti (Ute), wenyeji wa asili wa milima hiyo. Kiangazi walipanda kuwinda, baridi ikija wanashuka. Mkataba wa 1868 uliwaachia sehemu kubwa ya magharibi ya Colorado, na mpaka wake ulikata bonde hilihili, kiasi kwamba sehemu ya chini ilikuwa ndani ya ardhi yao. Mwaka 1879 wachimbaji kutoka Leadville, mji wa migodi, wakavuka milima wakaona dalili za fedha, wakapiga kambi wakaiita Ute City. Septemba mwaka huohuo, kaskazini zaidi, Wauti wa White River walimuua wakala wa serikali, Nathan Meeker, aliyekuwa akiwalazimisha waache farasi wao walime. Hicho ndicho kisingizio kilichokuwa kikisubiriwa. Mwaka 1881 wakaondolewa kwa nguvu ya jeshi kupelekwa Utah. Jina la Ute City lenyewe lilishafutwa mwaka mmoja kabla yao.

Aliyelifuta ni B. Clark Wheeler. Huyu alivuka milima Februari 1880, theluji imejaa, akiwa na wenzake wamevaa mbao ndefu miguuni, zile walizoziita viatu vya Kinorwe. Yaani ski. Miongoni mwa watu wa kwanza kuingia Aspen kwa ski walikuwa madalali wa viwanja vya madini.

Naendelea baadaye, nipo kazini.

Dogo wa Mererani

Nimekaa siti ya mbele. Mkuu usitukimbie kama wale wa "itaendelea".

Chumvi ya Kilwa

Umeandika gazeti na bado hatujafika kwenye theluji 😂 Endelea.

Mzee wa Bondeni

Nimerudi.

Miaka ya 1880 Aspen ilikuwa na fedha na haina njia. Mawe yalishushwa kwa punda na mabehewa kupitia kipitoni, na gharama ya usafiri ilikula faida yote. Akaja Jerome B. Wheeler (hana undugu na yule wa juu), mwenye hisa katika duka la Macy's la New York, akaingiza mtaji na kukamilisha mtambo wa kuyeyushia mawe. Kilichobadilisha mchezo ni reli. Kampuni mbili zilishindana kupanda bonde: Denver & Rio Grande ikafika mwishoni mwa 1887, Colorado Midland ikafika mwanzoni mwa 1888. Hapo mawe yakashuka kwa tani na watu wakapanda kwa maelfu. Mwaka 1889 Wheeler akafungua Hotel Jerome na jumba la opera, na yote mawili yako wazi hadi leo. Mji ulishakuwa na umeme wa nguvu ya maji tangu 1885, wakati miji mingi mikubwa duniani bado inawasha taa za gesi. Kwenye kilele chake una watu zaidi ya 10,000.

Sasa Dogo wa Mererani, hili ni lako. Kulikuwa na kesi kubwa pale, na kiini chake ni kile mnachokiita huko machimboni mtobozano, yaani wachimbaji wa viwanja viwili kukutana chini ya ardhi. Sheria ya madini ya Marekani ilisema mwenye kiwanja ambamo mshipa wa madini unatokeza juu ya ardhi ana haki ya kuufuata mshipa huo ukishuka, hata ukiingia chini ya kiwanja cha jirani. Fikiria. Umechimba duara lako, yaani shimo lako, kihalali, una karatasi zote, halafu mwenye kiwanja cha juu anakuja kukwambia hayo mawe ni yake kwa sababu mshipa ulianza kwake. David Hyman wa Cincinnati, aliyeshika viwanja vya juu, akawashtaki wa chini, na Wheeler akawa upande wa wa chini. Mawakili walikula sana. Mwisho wake walipatana na kugawana, kwa sababu kesi ilikuwa inaua migodi ya pande zote mbili.

Dogo wa Mererani

Hiyo sheria ingekuja kwetu watu wangeuana chini kwa chini. Huku mkikutana shimoni ni kelele, mapanga, halafu ofisa madini anaitwa. Lakini kumbe hata wao walishindwa wakagawana.

Mzee wa Bondeni

Walishindwa mkuu.

Sasa anguko. Fedha ya Aspen haikuwa inauzwa sokoni tu kama nyanya. Mnunuzi mkubwa alikuwa serikali ya Marekani yenyewe. Sheria ya Sherman ya 1890 iliilazimisha kununua aunsi milioni 4.5 kila mwezi. Yaani mji mzima unaishi kwa amri ya Washington.

Tarehe 26 Juni 1893 serikali ya Kiingereza kule India ikafunga viwanda vyake vya sarafu visipokee tena fedha ya watu binafsi kugeuzwa rupia. Bei ya fedha duniani ikaporomoka ndani ya siku chache. Na hapa sisi watu wa Pwani tumo, kwa sababu rupia hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikitembea Zanzibar, Mombasa na Lamu. Uamuzi mmoja wa India ulimgusa mwenye duka wa Kihindi pale Forodhani na mchimbaji wa Aspen kwa wakati mmoja, na hakuna kati yao aliyeulizwa. Novemba mwaka huohuo bunge la Marekani likaifuta sheria ya Sherman. Migodi ikafungwa moja baada ya nyingine, benki ya Wheeler nayo ikafa.

Mwaka huohuo kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, Colorado ilikuwa imepeleka sanamu ya mwanamke aliyepambwa kwa madini, Malkia wa Fedha, kujitangaza. Sanamu ilipotea baadaye na haijulikani iliko. Mwaka uliofuata, 1894, mgodi wa Smuggler ukatoa bonge la fedha tupu la kilo zaidi ya 800, moja ya makubwa kuliko yote yaliyowahi kutajwa. Limetoka wakati hakuna mnunuzi wa maana.

Kijiji cha Independence kule karibu na kipito kilikufa kwa mtindo wake. Majira ya baridi ya 1899 theluji ilifunga barabara wiki baada ya wiki, chakula kikaisha. Waliobaki wakabomoa nyumba zao, mbao wakachonga ski, wakateremka nazo hadi Aspen, na kwa uchangamfu wakajitangaza kuwa wako kwenye mashindano. Nimesimama kati ya yale magofu. Kuta nyingine zimebaki kimo cha kiuno, magogo yamekuwa kijivu, na pembeni pa mto kuna mirundo ya magwangala, yale mabaki ya mawe ya mgodini, kama pale Geita.

Kufikia 1930 Aspen ilikuwa na watu 700 hivi.

Mama Tausi

Hao 700 walikuwa wanakula nini?

Mzee wa Bondeni

Swali zuri Mama Tausi, maana wanahistoria wengi huwa wanaruka hapo. Walikuwa wanalima na kufuga. Chini kule Carbondale viazi vilistawi sana, na hadi leo wana Siku ya Viazi ambayo wameiadhimisha tangu 1909. Bonde la pembeni, la mto Crystal, lilitoa makaa ya mawe pamoja na marumaru. Ile marumaru nyeupe ya jengo la kumbukumbu ya Lincoln na ya kaburi la Askari Asiyejulikana ilitoka huko. Makaa yaliendelea hadi enzi zetu: Aprili 15, 1981 gesi ililipuka kwenye mgodi wa Dutch Creek karibu na Redstone, wakafa wachimbaji 15. Wakati huo huku juu Aspen watu wanakunywa shampeni. Ni bonde moja hilohilo.

Hata maji yao yalichukuliwa. Miaka ya 1930 walichimba handaki chini ya milima na kuvusha sehemu ya maji ya Roaring Fork kwenda upande wa mashariki kumwagilia mashamba. Bado yanakwenda.

Wa Kinangop

Hiyo ya maji naijua sana, sisi watu wa Aberdare maji yetu yako Nairobi. Endelea na ski mzee.

Mzee wa Bondeni

Haya, theluji.

Mwaka 1936 kulikuwa na kijana anaitwa Billy Fiske, bingwa wa Olimpiki wa kigari cha barafu mara mbili, 1928 na 1932. Yeye na wenzake walitaka mahali Marekani pafanane na milima ya Alps ya Ulaya. Wakajenga nyumba ya wageni nje ya Aspen, wakamleta Mswisi André Roch kupima milima. Roch alipendelea zaidi upande wa Ashcroft, juu ya bonde jingine. Lakini wakati akisubiri wenye pesa waamue, aliwafundisha wenyeji kuteleza na kuwachorea njia kwenye mlima uliokuwa mbele ya macho yao. Wenyeji wakafyeka miti wenyewe mwaka 1937.

Halafu wakatengeneza lifti. Hii naipenda kuliko zote. Walichukua mabaki ya mtambo wa kuvutia mawe mgodini, wakafunga injini ya gari kuukuu na mabenchi ya mbao yaliyowekwa juu ya ski, wakaita boti. Mnakaa, waya unavuta, mnapanda mlima. Nauli senti 10. Waliotengeneza ni watu wa mji uliokufa, kwa vyuma vya mgodi uliokufa, hakuna tajiri hapo.

Vita ikaja. Fiske alijiunga na jeshi la anga la Uingereza akafa Agosti 1940. Mpango wa Ashcroft ukafa naye. Lakini 1942 jeshi la Marekani likajenga kambi ya Camp Hale, ng'ambo ya milima karibu na Leadville, kufundisha kikosi cha milimani, Divisheni ya 10. Mapumziko askari walikuja Aspen kuteleza. Mmoja wao Friedl Pfeifer, Mwaustria wa St. Anton, akaapa atarudi. Akajeruhiwa vibaya Italia mwaka 1945, mapafu yakaharibika, na bado alirudi.

Pfeifer alikuwa na ujuzi, hana mtaji. Mwenye mtaji alikuwa Walter Paepcke wa Chicago, mwenye kiwanda cha maboksi ya karatasi, ambaye mkewe Elizabeth aliiona Aspen kabla yake na kumvuta. Kampuni ya ski ikaundwa 1946. Na mlima ulikuwa wa nani? Ulikuwa umejaa viwanja vya madini vya miaka ya 1880, na sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa familia ya D.R.C. Brown, mzee aliyetajirika na migodi na umeme wa mji. Kampuni ikakodi. Mtoto wake akaja kuwa rais wa kampuni hiyo ya ski kuanzia 1957. Ndiyo maana nasema hatimiliki zilezile.

Januari 1947 wakazindua Lifti Namba 1, ya kiti kimoja kimoja kwenye waya, ndefu kuliko zote duniani wakati huo. Mwaka 1950 Aspen ikaandaa ubingwa wa dunia wa ski za kuteremka mlima, mara ya kwanza kufanyika nje ya Ulaya.

Chumvi ya Kilwa

Mkuu hapo umejipinga mwenyewe. Bila huyo Paepcke na hela zake boti lenu la senti kumi lingewafikisha wapi? Mji ungekuwa gofu kama Independence.

Mzee wa Bondeni

Sikatai hela zake. Nakataa kwamba alikuta pori. Alikuta mji wenye barabara, hoteli, jumba la opera na watu wanaojua kuteleza, na nyumba zilizokuwa zikiuzwa kwa deni la kodi. Alinunua kwa bei ya kutupa. Halafu akawaambia wenyeji atawapa rangi bure wapake nyumba zao, mradi rangi ichaguliwe na msanii wake, Herbert Bayer wa Bauhaus, shule ya sanaa ya Ujerumani. Wengi walikataa. Mtu ameishi kwenye nyumba yake tangu enzi za baba yake, leo unakuja kumchagulia rangi?

Ila mengine namvulia kofia. Mwaka 1949 aliandaa sherehe za miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Goethe, mshairi wa Kijerumani, akamleta Albert Schweitzer, yule daktari wa Lambaréné, Gabon. Ndiyo safari pekee ya Schweitzer kufika Marekani. Mtu anatoka hospitali ya kando ya mto Ogowe anapelekwa mita 2,400 juu kuzungumza habari za mshairi! Kutokana na mkutano ule zikazaliwa Taasisi ya Aspen na tamasha la muziki.

Baada ya hapo ni upanuzi tu: Buttermilk na Aspen Highlands 1958, Snowmass 1967. Kampuni ikanunuliwa na studio ya Twentieth Century Fox 1978, kisha ikaangukia kwa familia ya Crown ya Chicago, ambao wako nayo mpaka sasa.

Mgeni Njia

Samahani natoka nje ya mada. Kwa nini Kilimanjaro hatuna ski? Theluji si ipo?

Mzee wa Bondeni

Kwa sababu ski inataka msimu wa baridi wa miezi kadhaa, theluji ilale ipate unene. Sisi tuko karibu na ikweta: inanyesha usiku, mchana jua limeichukua, na barafu ya Kibo nayo inapungua. Kujaribu walijaribu. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo na ski zao. Ukitaka ski Afrika nenda Oukaïmeden, Morocco, au Lesotho milimani.

Mama Tausi

Turudi kwenye hao wafanyakazi wanaolala chini.

Mzee wa Bondeni

Hapo ndipo penye moto.

Vita vya bei havikuanza leo. Mwaka 1970 mwandishi Hunter S. Thompson aligombea ukamanda wa polisi wa wilaya, akiahidi kung'oa lami ya mitaa na kupanda majani, na kuubadili mji jina uitwe Fat City ili walanguzi wa ardhi waone aibu kuuza viwanja. Watu walicheka, lakini alishindwa kwa kura si nyingi. Miaka miwili baadaye wapiga kura wa Colorado wakaikataa Olimpiki ya majira ya baridi ya 1976 ambayo Denver ilishapewa. Ikahamia Innsbruck. Mpaka leo nikiwaambia jamaa zangu Dar kwamba kuna watu walipiga kura kukataa Olimpiki hawaamini.

Miaka ya 1980 mastaa wakafika kweli. Wastani wa bei ya nyumba ya familia moja sasa umevuka dola milioni 10. Mwalimu, dereva wa basi, mpishi, mtu wa kuendesha lifti, hakuna anayeweza. Kwa hiyo mji na wilaya walianzisha mamlaka ya nyumba tangu 1982. Kuna nyumba kama 3,000 ambazo haziruhusiwi kuuzwa kwa bei ya soko. Ili upate lazima ufanye kazi ndani ya wilaya angalau saa 1,500 kwa mwaka, na nyingi zinagawiwa kwa bahati nasibu. Mnaingia na tiketi zenu, mwenye bahati anapata nyumba. Foleni ndefu, malalamiko mengi, lakini bila hizo mji ungekuwa hauna hata wa kuzima moto.

Waliokosa wanakaa Basalt, Carbondale, Glenwood na mbele zaidi. Wengi ni Walatino. Alfajiri kituoni Carbondale unakuta foleni: makoti ya hoteli mgongoni, chupa za chai, Kispanyola kitupu. Mabasi yao ni ya kujivunia. Mwaka 2013 walianzisha mwendokasi, wa kwanza Marekani kwa eneo la vijijini, miaka mitatu kabla ya ule wetu wa Kimara.

Dogo wa Mererani

Na yale magwangala waliyafanyaje? Huku yako mpaka mlangoni.

Mzee wa Bondeni

Huko pia yalikuwa mlangoni. Chini ya mgodi wa Smuggler kulijengwa nyumba juu ya mabaki yenye madini mengi ya risasi, ambayo ni sumu. Mwaka 1986 serikali kuu ikaliweka eneo kwenye orodha ya sehemu hatari na kutaka kufukua udongo wote. Wakazi wakagoma. Wakasema mkifukua ndiyo mtatimua vumbi lenyewe, na vipimo vya damu za watoto havionyeshi tatizo. Walibishana miaka, ikaishia kazi ndogo, na 1999 eneo likaondolewa kwenye orodha.

Chumvi ya Kilwa

Na ile lifti ya zamani ipo?

Mzee wa Bondeni

Baadhi ya nguzo na viti vyake vipo chini ya mlima, upande wa magharibi. Watalii wengi hawavioni kwa sababu wanapandia upande mwingine, kwenye gondola, yaani vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, ya Silver Queen ya mwaka 1986, yenye jina moja na ile sanamu iliyopotea, Malkia wa Fedha. Machi 2019 wakazi walipiga kura kuhusu eneo hilo la Lifti Namba 1: wawekezaji wajenge hoteli, na badala yake lifti mpya ishushwe karibu na mji na mabaki ya kale yahifadhiwe. Ilipita kwa tofauti ya kura chache mno, na hadi leo ukiingia baa ya pale ukaitaja, jiandae kukaa.